Kisanduku cha Pili

Kama kulikuwa na mtu mwenye haki ya kufurahi Ijumaa ile mjini Bariadi, basi ni Nyanjige. Kesho yake mahari yake ilikuwa ipokelewe Mkula, nyumbani kwa mjomba wake Ngeleja aliyemlea. Ng'ombe walikuwa njiani tangu jana alfajiri, wakiswagwa kwa miguu kutoka Ipililo, kwa sababu babu wa Malimi, mchumba wake, alikataa katakata kuwapakia kwenye lori. Mzee alisema ng'ombe wa mahari anayepita ndani ya lori ni sawa na bibi harusi aliyeingizwa kwa mlango wa uani. Yeye alitaka kila kijiji kitoke nje kiulize, hawa wanakwenda kuoa kwa nani? Nyanjige alisimuliwa hayo na Malimi mwenyewe, akacheka mpaka akashika ubavu.

Sasa ilikuwa saa nane mchana, na kicheko kile alikiona ni cha mtu mwingine kabisa. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya Wakili Lukresia, mwenye ofisi. Malimi alisimama kulia kwake, karibu kiasi cha yeye kusikia harufu ya sabuni kwenye shati lake. Mezani palikuwa na karatasi mbili, na hakuna aliyekuwa ameambiwa akae.

Lukresia alikuwa mama wa hamsini na kitu, mpole wa sauti, na waliomjua walijua kwamba akiishusha zaidi sauti hiyo ndipo pa kuogopa. Miaka miwili nyuma kikombe cha chai kilimwagika juu ya daftari la tarehe, kikafuta siku ya rufaa ya mteja, na mteja akapoteza haki yake hivi hivi. Lukresia akaapa hataki tena kuona faili la kufungwa kwa kamba. Akanunua mfumo wa kompyuta wa kuendeshea ofisi za mawakili, akaleta mtaalamu kutoka Mwanza awafundishe wiki nzima. Tangu hapo mfumo ukawa kama mfanyakazi wa nne pale ofisini. Uliwajua wateja wote kwa majina na namba za simu, uliwakumbusha mawakili tarehe za mabaraza na mahakama, ulimtumia mteja ujumbe siku moja kabla ya shauri lake. Tena, na hili watu walilisahau upesi, uliandika nani kafungua faili gani, siku gani, saa ngapi. Maandishi hayo hata Lukresia mwenyewe hakuwa na uwezo wa kuyafuta.

"Mara kumi na saba," alisema Lukresia, kidole kikiwa juu ya karatasi ya pili. "Faili la Domitila. Wewe ni karani, Nyanjige. Kazi yako kwenye faili lile ilikwisha siku ulipomwandikisha yule mama. Hizi kumi na saba ni za nini?"

Nyanjige aliinama kuitazama ile karatasi.

Lukresia hakumngoja. Akasukuma mbele karatasi ya kwanza, barua ya wakili wa upande wa pili, iliyoletwa asubuhi hiyo kwa mkono. Domitila alikuwa mjane wa Lagangabilili. Mumewe alipofariki, shemeji yake, mzee mmoja aitwaye Ndalahwa, alikaa kimya miaka mitatu. Ofisi za serikali zilipojengwa jirani na shamba, na kila mwenye fedha zake, wa karibu na wa mbali, akawa anatafuta kiwanja, ndipo Ndalahwa alipokumbuka kwamba shamba ni la ukoo, akazungusha seng'enge. Wapimaji wake walishaonekana pale mara mbili na kamba zao. Shauri lilikuwa lisikilizwe Jumatatu, na wakili wa Domitila alikuwa Malimi. Barua ilisema kwa ufupi kwamba Wakili Malimi ajitoe, kwa kuwa anamwoa binti wa mdaiwa.

Malimi aliisoma akatabasamu, masikini, tabasamu la mtu anayeona wenzake wamekosea nyumba.

"Binti gani wa mdaiwa?" aliuliza. "Mimi namwoa Nyanjige Ngeleja, wa Mkula."

"Nyanjige," Lukresia alisema taratibu, "mwambie."

Jamani, kuna maneno mtu huyabeba miaka ishirini na saba, na siku ya kuyatua humkuta hana pa kuyatulia. Nyanjige aliangalia sakafu, akayasema yote kwa sauti ya mtu anayesoma risiti. Alisema baba yake hakufa, kinyume na alivyomwambia Malimi siku ile ya kwanza kwenye mgahawa. Baba yake ni Ndalahwa.

Kwetu jambo hili halina mzunguko. Ng'ombe wasipotoka, mtoto ni wa kwao mama. Ndalahwa alimpa mimba binti wa Mkula, akaahidi ng'ombe, akaenda zake akaoa kwingine. Mama yake Nyanjige akazaa kwao, akafia kwao, na mtoto akapewa jina la mjombake, Ngeleja. Akakua akijibu hilo jina shuleni, kanisani, kwenye cheti, kila mahali. Miezi sita iliyopita, Domitila alipokuja kufungua shauri, mfumo uliuliza kama unavyouliza kwa kila mteja mpya: je, mfanyakazi yeyote ana uhusiano na mdaiwa? Kwenye kisanduku kile Nyanjige akaandika Hakuna. Mfumo ukapekua majina yote, haukuona Ngeleja na Ndalahwa wakigongana, ukamkubalia. Naye akajituliza moyo kwamba hajasema uongo. Si ng'ombe hawakuja? Basi yeye si wa yule mtu.

Kumbe ng'ombe wamekuja. Asubuhi hiyo hiyo mjomba alimpigia simu kwa furaha, akamwambia kwamba wiki iliyopita Ndalahwa alifika Mkula na ng'ombe watano kumkomboa mwanawe, wazee wakakaa, wakawapokea. Sasa wewe una baba, mjomba alisema. Kesho utatolewa kama mtoto mwenye kwao. Nyanjige alilia kwa furaha kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha ikaja barua.

"Aliposikia unaolewa na wakili wa Domitila, ndipo akakumbuka ana mtoto," Lukresia alimalizia. Hakusema kwa ukali, na afadhali angesema kwa ukali. "Mzee ana akili. Mkwe hasimami barazani kumuumbua baba mkwe. Kwa ng'ombe watano amefunga mdomo wa wakili mzima."

Kisha akawapa njia. Ya kwanza, Malimi aachie faili. Yeye Lukresia Jumatatu yuko Mwanza, Mahakama Kuu, hawezi kujigawa, kwa hiyo shauri litaahirishwa, na hadi lije lisikilizwe Ndalahwa atakuwa ameshauza viwanja kwa watu kumi na wawili. Ya pili, uchumba ufe, kweli ufe, na Nyanjige atoke ofisini, ili Malimi asimame Jumatatu akiwa safi. Sheria ina njia ya tatu pia, alisema, nayo ni mteja aelezwe kila kitu na aridhie kwa sahihi yake.

"Lakini mjane aliyenyang'anywa shamba umwambie wakili wake anakwenda kuoa kwa mnyang'anyi, naye aridhie?" Lukresia alitikisa kichwa. "Mimi nisingeridhia." Alitazama saa. "Saa kumi najibu barua. Aliyeijaza ile fomu ya mgongano wa maslahi mwanzo ndiye ataisahihisha, kwa nywila yake. Mfumo unataka hivyo, na mimi nataka hivyo."

Akachukua mkoba wake, akaelekea baraza la ardhi kufuatilia nakala za shauri jingine.

Malimi alitangulia kuingia chumbani kwake, Nyanjige akamfuata. Kilikuwa chumba kidogo, meza moja na viti viwili, dirisha linatazama barabara. Juu ya kabati palikuwa na kibuyu cha maziwa ya mgando alicholetewa na Domitila mwezi uliopita, maana mama yule hakuwahi kuja mikono mitupu. Malimi alisimama dirishani, amempa mgongo. Nyanjige aliujua mgongo ule. Aliwahi kuutazama kutoka mezani kwake mwaka mzima kabla hawajasemezana neno la mapenzi, akawa anajikemea kama mtoto anayedokoa nyama chunguni.

"Malimi."

"Ulikuwa unampelekea?"

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alishika kiti.

"Kumi na saba, Nyanjige. Kila nilichokipanga kwa ajili ya Domitila kimo kwenye lile faili. Niambie tu. Ulikuwa unampelekea baba yako?"

"Wewe unaniuliza hivyo?"

"Nani mwingine akuulize? Nilikuuliza baba yako yuko wapi, ukaniambia amekufa. Nikakupa pole. Nikamwombea misa, Nyanjige. Nilimwandikisha kwenye misa ya marehemu."

Hapo machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja kwa hasira, maana hakutaka kulia kabla ya kusema. Alizunguka meza, akakaa kwenye kompyuta ya Malimi, akamwambia aingize nywila yake yeye, kwa kuwa ile ya karani imekwisha kuonekana mara nyingi mno. Malimi akainama, akabonyeza. Mikono yao ilikaribiana kwenye vitufe na kila mmoja akaurudisha wake. Nyanjige akafungua maelezo ya utetezi ya Ndalahwa, ukurasa wa nne, aya ya tisa. Hakuhitaji kuitafuta.

"Soma."

Malimi alisoma. Ndalahwa alieleza kwamba lile shamba ameshaligawa kwa watoto wake wote sita, nao ni hawa. Yakafuata majina, moja baada ya jingine, kila jina na mstari wake. Malimi alisoma hadi chini, akarudia, na Nyanjige akayaona macho yake yakifanya kile kile yalichofanya ya kwake mara kumi na saba: yalihesabu, yalifika la sita, yakashuka kidogo kwenye karatasi nyeupe, yakarudi juu.

"Nilikuwa namtafuta mtu hapo," alisema Nyanjige. "Najua ni upuuzi. Maandishi hayabadiliki. Lakini nikikaa siku mbili tatu nasema labda sikusoma vizuri. Labda limeandikwa ukurasa mwingine. Nafungua, nahesabu, sita. Nafunga. Basi, ndizo kumi na saba zenu. Hakuna neno nililompelekea yule mzee, Malimi. Sijawahi hata kusikia sauti yake."

Malimi alivuta kiti cha pili, akakaa mbele yake, magoti yakagusana, akamshika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa na joto. Mtu angechungulia angedhani ni wapenzi wanaopanga harusi.

"Nisamehe," alisema mwishowe. "Nisamehe kwa swali lile. Nitaachia faili."

"Hapana."

"Nitaachia. Wakili atapatikana. Nitakwenda mwenyewe kumwambia Domitila."

Alisema hivyo kwa uthabiti, lakini macho yake, ambayo hayakuwahi kujua kudanganya, yalikwenda kwenye kibuyu kilichokuwa juu ya kabati. Nyanjige aliona. Na kwa kuwa alimpenda, alijua macho yale yanaona nini. Baba yake Malimi alipofariki, ndugu waliwatoa shambani mama na watoto wakati pamba imechanua, hawakungoja hata wavune. Mama akarudi kwa babu Ipililo akiwa na sufuria mbili na watoto watatu. Malimi alikuwa na miaka tisa, akasema atasomea sheria. Mtu mzima huyu, wakili, alipompokea Domitila ofisini miezi sita nyuma, alitoka nje akasimama kwenye korido kwa muda, na Nyanjige ndiye aliyempelekea maji.

"Tumuulize basi," Malimi alisema. "Njia ya tatu. Anakuja saa kumi tupitie ushahidi wa Jumatatu. Tumweleze yote, aamue yeye."

"Usithubutu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ananiita mwanangu. Akija hapa ananishika shavu, ananiita mwanangu. Nitamwambiaje kwamba mwanangu huyo ni mtoto wa Ndalahwa? Na wewe atakuridhia kwa mdomo, kwa kuogopa, kwa sababu hana mwingine. Atalala macho wazi hadi Jumatatu akijua tumemuuza. Hapana, Malimi. Niue kwanza."

Malimi akamwambia hilo ndilo kosa lake, kuficha. Akamwambia mficha uchi hazai. Nyanjige akamjibu kwamba methali ni rahisi kwa mtu ambaye babu yake anaswaga ng'ombe barabarani mchana kweupe ili aonekane. Akalijutia hilo neno kabla halijafika, lakini lilishafika. Malimi alimwachia mikono.

"Nipe dakika kumi," alisema. "Nifikiri tu."

Nyanjige alitoka, akauvuta mlango taratibu, akarudi mezani kwake mapokezi. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro robo. Alifungua fomu ya mgongano wa maslahi, akaingiza nywila yake. Hakuwa amekata shauri bado, au ndivyo alivyojiambia. Aliona tu kwamba Malimi atafikiri dakika kumi kisha atatoka aseme nimeachia, kwa kuwa ni mwanaume wa neno lake, na kwamba Jumatatu Domitila atasimama peke yake mbele ya baraza, na kwamba watakaa ndani ya nyumba moja yeye na Malimi, watazaa, watazeeka, na kila watakapokunywa maziwa ya mgando atayaona yale macho yakipanda juu ya kabati. Mapenzi ya namna hiyo hayafiki mbali. Afadhali aumie sasa.

Kisanduku cha kwanza kiliuliza uhusiano wa mfanyakazi na mdaiwa. Lile Hakuna la miezi sita lilikuwa bado pale, na jina lake pembeni, na tarehe. Akaongeza mstari mpya chini yake. Akaandika: Baba yangu mzazi.

Alilitazama hilo neno. Hakuwahi kuliandika popote maishani mwake. Kwenye fomu za shule aliruka mstari, kwenye cheti cha ubatizo padri aliweka kistari. Leo ameliandika, na kwa mkono wake, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Kisanduku cha pili kikafunguka chenyewe: je, wakili anayeendesha shauri ana uhusiano na mfanyakazi aliyetajwa? Vidole vyake vilikaa juu ya vitufe. Nje mtu alikuwa anapigilia bati na mwingine anamcheka. Nyanjige akafikiria ng'ombe kumi na wanane, alioambiwa rangi zao mmoja mmoja kwenye simu, na yule mweupe mwenye doa begani ambaye babu alisema huyu ni wa kumkamua wewe mwenyewe. Akaandika: Hakuna. Uchumba umekoma leo. Karani ameacha kazi leo.

Mfumo ukamuuliza kama ana uhakika. Mfumo huo haukuwahi kumkatalia neno, la kweli wala la uongo. Akabonyeza Ndiyo.

Nyuma ya mlango simu ya Malimi ililia mlio mfupi, ule wa taarifa za ofisi. Kisha kiti kikasukumwa.

Alitoka akiwa ameshika simu mkononi. Hakuwa amekasirika, na Nyanjige aliyekuwa amejiandaa kwa hasira hakujua afanye nini na uso ule.

"Umeandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mara ya kwanza hukuniambia," Malimi alisema. "Mara hii hukuniuliza."

"Ungesema unaachia."

"Ningesema. Ndiyo. Lakini ningesema mimi." Alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia kwenye nywele hadi kwenye mikono yake iliyokuwa bado juu ya meza, kama mtu anayehesabu vitu vyake kabla ya kuhama. "Jumatatu nitaulizwa kwa kiapo kama namwoa binti wa Ndalahwa. Umeshaandika hapana, na siwezi kusema hapana barazani wakati ng'ombe wangu wako zizini Mkula. Saa hizi wanakaribia kuvuka mji. Nawahi kuwageuza."

"Malimi, babu yako..."

"Babu nitamweleza mimi."

Alichukua kofia yake ya pikipiki ukutani, akatoka. Nyanjige alimsikia akiwasha mara ya kwanza, ikakataa. Akawasha ya pili, ikakataa. Aliomba Mungu isiwake kabisa. Ya tatu ikawaka, na mlio ukapungua hadi ukachanganyika na milio mingine ya barabarani.

Alikuwa anaweka vitu vyake kwenye kipochi, kitana na chaja na kikombe, Domitila alipoingia. Mama yule alikuwa mwembamba, kitenge kimefungwa kifuani, mkononi ana kifurushi cha viazi vilivyopikwa. Nyanjige alimwamkia kwa kupiga goti kidogo, akasema kwa Kisukuma, Mwadila mayu, habari za mchana mama, akaitikiwa, akashikwa shavu kama kawaida.

"Mwanangu, nimewapita ng'ombe huko nyuma kidogo, nikiwa kwenye gari," Domitila alisema akikaa. "Wazuri hao. Dereva alipunguza mwendo tukauliza wa nani, waswagaji wakasema wa wakili Malimi, wanakwenda Mkula. Nikasema basi ni wa mwanangu hao. Mbona uso umevimba?"

Hapo Nyanjige akaona hana cha kulinda tena. Amepoteza mwanaume, amepoteza kazi, na baba aliyempata asubuhi alikuja kununua mdomo wa wakili. Akapiga magoti yote mawili sakafuni, akasema.

"Mayu, mimi ni mtoto wa Ndalahwa."

Domitila alikiweka kifurushi chake mezani, akakisogeza kisianguke.

"Najua."

Nyanjige aliinua uso.

"Siku ya kwanza nilipoingia hapa, ukaniuliza jina, nikajua. Hicho kipaji cha uso na hilo pengo la meno ni vya marehemu mume wangu. Wale ndugu wawili walifanana kama waliozaliwa pacha. Na habari ya binti wa Mkula nani hakuijua pale nyumbani? Marehemu alimgombeza sana kaka yake, mpe yule binti ng'ombe zake, hakusikia." Alimfuta chozi kwa ncha ya kitenge. "Mimi ni mama yako mdogo. Unadhani nakuita mwanangu kwa mazoea?"

"Kwa nini hukuondoka? Kwa nini hukwenda kwa wakili mwingine?"

"Niende wapi? Nilisema moyoni, hapa ndipo pangu. Anayemjua Ndalahwa kuliko wote ni yule aliyetupwa naye."

Nyanjige akamweleza, maneno yakipandana, juu ya barua na ng'ombe watano na njia tatu, na jinsi walivyoogopa kumuuliza. Akamwambia alichoandika kwenye kisanduku cha pili. Domitila alisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mwepesi wa mshangao.

"Yaani kilichotakiwa ni mimi niseme najua na nimekubali?"

"Ndiyo, mayu. Na uweke sahihi."

"Sijui kuandika. Lakini kidole ninacho." Alikiinua kidole gumba, kimepasuka kwa jembe, akakitazama yeye mwenyewe kana kwamba hakuamini kuwa kitu kidogo hivyo kingetosha. "Mna mashine inayojua kila kitu, na wanasheria wawili, na wewe. Mimi nimekaa hapa miezi sita. Hamkuniuliza."

Nyanjige alishika simu, akapiga namba ya Malimi. Iliita hadi ikakata. Mtu aliye juu ya pikipiki hasikii. Akapiga tena. Mlangoni akatokea Wakili Lukresia, jasho usoni, saa kumi kamili, akataka kujua wameamua nini. Domitila ndiye aliyejibu. Alisema ameamua yeye, na aletewe wino.

"Wewe unangoja nini?" akamgeukia Nyanjige. "Kidole ni changu. Miguu ni yako."

Alitoka mbio. Alivuka maduka, akavuka gulio la mtumba, watu wakageuka kumtazama karani wa mawakili anavyokimbia na sketi ya kazi. Alipofika mwisho wa majengo, barabara ya Lagangabilili ilikuwa mbele yake, imenyooka, ina vumbi. Mbali, kule inakopanda kidogo, aliwaona. Alimtambua yule mweupe mwenye doa begani. Alimwona pia Malimi, akiikokota pikipiki yake kwa mkono nyuma ya kundi, kichwa chini.

Ng'ombe wote kumi na wanane walikuwa wameelekea Ipililo.

Alimwita. Sauti haikufika hata nusu ya njia. Nyanjige akavua viatu, akavishika mkononi, akaanza tena kukimbia.